Shida Haikunifundisha Biashara

Nikialikwa kuzungumza na akina mama, mshereheshaji hutaja shida zangu kabla hajataja kazi yangu ya kushauri wafanyabiashara wadogo. "Huyu dada mnayemwona alikuwa hausigeli Sinza! Ameosha vyombo sokoni Ilala!" Ukumbi unapiga vigelegele, wengine wanatoa leso, nami napanda jukwaani nimeshageuzwa ushuhuda. Simlaumu, anafanya kazi yake. Ila baada ya kukaa na wafanyabiashara wadogo wengi wa Temeke, Ilala na Kinondoni nikipekua madaftari yao, naona hadithi za namna hii zinaponza watu. Zinamfanya dada aliyeko Mbagala aamini kwamba akishateseka vya kutosha, mafanikio yatamfuata yenyewe.

Shida ilinifundisha kuishi. Biashara nilifundishwa na mtu, tena kwa kukemewa, na baadhi ya niliyofundishwa na shida ilibidi niyaache kwanza.

Kwa ufupi, mimi ni mtoto wa Muheza, Tanga. Baba alifariki tukiwa wadogo. Darasa la saba nilifaulu, lakini wakati huo shule za sekondari za serikali zilikuwa bado na ada, shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule ya kutwa. Ada hiyo imefutwa mwaka 2016, sisi tumeshapita. Kwa anayesoma leo 20,000 ni pesa ya vocha. Kwa mama yangu, ukijumlisha sare, madaftari na michango, ilikuwa ni mlima. Akaja mama mmoja wa mjini anatafuta binti wa kazi, nikapanda basi la Dar.

Nilikaa kwenye nyumba ile hadi nikawa mtu mzima. Mshahara wangu niliambiwa "nakuwekea". Wadada mliopita njia hiyo mnalijua neno hilo. Siku nilipoondoka nilipewa doti ya kanga na nauli. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilitaja shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wake. Kama una binti nyumbani kwako na wewe unahudhuria semina za kuinua wanawake, anzia hapo.

Kilichobaki kichwani mwangu kutoka nyumba ile ni kuogopa kutaja bei. Mtu aliyekulia kwenye kuambiwa "shukuru umepata pa kulala" anapoanza kuuza, akiulizwa "dada, shilingi ngapi?" anajibu "toa tu chochote". Anaona kutaja thamani ya kazi yake ni utovu wa adabu. Namwona huyu mtu kila wiki, kwa sura tofauti. Fundi cherehani anayeshona gauni usiku kucha halafu anasema "mimi na wewe tena?" Msusi anayepokea elfu tatu kwa kichwa kilichomla siku nzima.

Aliyenitoa huko ni mama lishe mmoja wa Ilala, Mzaramo, mkali kama pilipili kichaa, ambaye alinichukua nimwoshee masufuria. Jambo moja lake lilinishangaza kuliko yote. Mchana wateja wakipungua, alikuwa anajipakulia sahani ya wali na maharage, anakaa kwenye benchi lake, anakula, halafu anatoa pesa kwenye mkoba wake binafsi na kuitia kwenye kopo la biashara. Bei ileile ya mteja. Nilidhani ana kichaa cha uzee. Nikamuuliza, "Mama, unajilipa mwenyewe?" Akanijibu huku anatafuna, "Wali huu si wangu, ni wa gunia la kesho. Mimi wangu ni ule mshahara wangu wa jioni." Na kweli, kila jioni alikuwa anahesabu, anatenga pesa ya mchele, ya mkaa na ya ushuru, kisha anajitolea posho yake, kiasi kilekile alichojipangia. Siku ambayo haikuuza alijilipa nusu na kuandika nusu iliyobaki kuwa ni deni, biashara inadaiwa na yeye. Alikuwa hajui kusoma vizuri. Aliandika kwa vijiti na miduara kwenye daftari la mtoto wa shule.

Kila ninachofundisha leo kinatokana na sahani ile: pesa ya biashara si pesa yako. Wengine wanakiita kwa majina makubwa.

Baadaye nilianza kupeleka sambusa kwenye maofisi ya Posta, kisha upishi wa shughuli: kichen pati, maulidi, harusi, misiba. Sehemu hii siirefushi maana upishi wa shughuli unataka makala yake yenyewe, hasa sura ya kamati za harusi. Nitasema moja tu kwa wanaoingia kwenye kazi hiyo: usinunue nyama kwa ahadi za kamati. Kamati itakuonyesha orodha ya ahadi yenye mamilioni, itakupa na soda. Ahadi za Dar zinalipwa wiki mbili baada ya maharusi kurudi fungate, nyingine hazilipwi kabisa. Chukua advansi inayotosha manunuzi yote, na salio liingie kabla masufuria hayajapanda gari. Watakuita una roho mbaya, halafu watakupa na shughuli ya mdogo wake bibi harusi.

Ushauri wa biashara ulinijia kupitia kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Nilikuwa mtunza hazina, kwa hiyo wenzangu wakichelewa kurejesha walikuja kwangu kulia. Nikawa nawaambia, leteni daftari tuone pesa imekwenda wapi. Wengi hawakuwa na daftari. Tukaanza kuandika pamoja, sakafuni, chai pembeni. Baada ya muda wakaanza kuja watu ambao hata si wanachama.

Ngoja niwaonyeshe daftari moja, kwa ruhusa ya mwenyewe. Ni dada wa Mbagala anayeuza chapati asubuhi karibu na kituo cha daladala. Anaamka saa tisa usiku, anamaliza kuuza saa nne asubuhi. Alikuja kwangu analalamika kwamba anauza sana lakini haoni pesa, anahisi amechezewa. Tukaandika. Unga kilo nne, 7,200. Mafuta lita moja, 5,500. Mkaa, 3,000. Chumvi, sukari na vikorokoro, 500. Vifungashio, 500. Jumla 16,700. Anatoa chapati hamsini za shilingi 500, yaani 25,000. Anabaki na 8,300. Akaniambia, "Si unaona, faida ipo!"

Nikamuuliza wanaokula bure. Watoto wake wanakula nne kabla ya shule, 2,000. Makondakta na mafundi wa pale jirani wanachukua kama sita kwa "kesho dada", 3,000, na kesho yenyewe ni ya kubahatisha. Zimebaki 3,300. Hapo yeye mwenyewe hajajilipa hata senti kwa saa saba za kusimama motoni.

Kisha nikauliza mikopo. Akanyamaza. Alikuwa na kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ya laki moja, anarejesha 5,000 kila siku isipokuwa Jumapili, kwa siku ishirini na sita. Piga hesabu: ni 130,000 kwa mwezi mmoja. Biashara inampa 3,300, rejesho linataka 5,000. Ile 1,700 inayopungua ilikuwa inatoka kwenye pesa ya unga, na pesa ya unga ikiisha anakopa tena. Hakuchezewa na mtu. Tuliuona uchawi wote kwenye karatasi moja, na alicheka hadi akalia.

Tulichofanya hakikuwa na maajabu. Bei ya chapati huwezi kuipandisha peke yako pale kituoni, mteja anahamia kwa jirani. Tukaongeza chai ya rangi na maharage, maana kikombe cha chai kinabeba faida kuliko chapati yenyewe. Chapati nne za watoto zikaendelea, ila zikaandikwa na kulipiwa kutoka kwenye pesa ya nyumbani. Mafundi wakaambiwa mkopo unaisha Ijumaa, asiyelipa Jumatatu hapewi. Wawili walihama. Sikuona hasara, maana walikuwa wanakula bure.

Kuhusu mikopo yenyewe, siwezi kukwambia usikope, mimi mwenyewe nimekopa. Ila jua unakopa kwa nani. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kampuni inayokopesha bila kupokea amana inatakiwa iwe na leseni ya Benki Kuu, Daraja la Pili, na vikundi kama vikoba viko Daraja la Nne navyo vinasajiliwa. Omba kuona leseni na mkataba wa maandishi. Akikuomba kadi ya benki na namba ya siri kama dhamana, nyanyuka. Na zile programu za simu zinazokopesha ndani ya dakika tano halafu zinatuma meseji za kukudhalilisha kwa kila mtu kwenye simu yako, Benki Kuu ilitoa orodha ya 69 zisizo na kibali Novemba 2024.

Tabia nyingine ya shida ni kuficha pesa. Ukikulia nyumba ambayo pesa ikionekana inaombwa, unajifunza kuificha kwenye unga, kwenye soksi, kwenye simu ya pili. Kwenye biashara tabia hiyo inakugeuka, kwa sababu ukiificha kwa watu unajificha na wewe mwenyewe, hujui tena umeuza kiasi gani. Na inakugharimu hata kwa TRA, Mamlaka ya Mapato, jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa viwango vya kodi ya makadirio, ile ya wafanyabiashara wadogo inayopangwa kwa mauzo, vilivyowekwa mwaka 2019, mtu mwenye mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 kwa mwaka asiye na kumbukumbu analipa 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Dada yetu kwa chapati peke yake anauza 25,000 kila siku, siku ishirini na sita za mwezi, hiyo ni milioni 7.8 kwa mwaka. Akiwa na daftari ni 114,000. Asipokuwa nalo ni 250,000. Tofauti hiyo inazidi ule mkopo uliokuwa unamnyima usingizi. Daftari lenyewe ni shilingi elfu moja pale dukani.

Ndugu wa nyumbani nao siwezi kuwaruka. Ukishaonekana una meza Dar, simu za Muheza haziishi: mgonjwa, ada, bati limeng'oka. Mimi nimetenga kiasi cha kila mwezi, dada yangu mkubwa kule ndiye anayekigawa. Kikiisha kimeisha hadi mwezi ujao, na anayenuna anamnunia dada, si mimi. Msiba na hospitali viko nje ya hesabu hiyo. Sina njia bora zaidi ya hapo.

Sasa makocha, maana siku hizi tumekuwa wengi. Kuna wa hotelini, kiingilio elfu hamsini, mnaimba, mnakumbatiana, mnaambiwa mbadili fikra, mnarudi na cheti na picha. Ukitaka kupata moyo, nenda, moyo nao unahitajika. Ila kocha ambaye hajakuomba daftari, hajauliza unanunua wapi na kwa bei gani, hajaja kuona kijiwe chako, huyo bado hajaanza kazi. Mimi natoza, na sioni haya kusema. Nilipokuwa nafundisha bure watu walikuja mara moja, wakapiga soga, wakapotea.

Kwa wanaouliza mtaji kila siku, mikopo ya halmashauri imerudi. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa katika mwaka wa fedha wa 2024/25. Kwa kawaida inatolewa kwa vikundi, na pa kuanzia ni ofisi ya kata yako, ulizia afisa maendeleo ya jamii. Jina la biashara nalo lisajili BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, ada yake haifiki hata bei ya sare ya kichen pati. Na andiko la mradi liandikeni wenyewe, hata kwa mkono, ndipo mtu wa steshenari alichape. Kuna kikundi cha wapika vitumbua kilinijia na andiko safi la kurasa kumi na mbili, limechapwa kwa rangi, na kuanzia ukurasa wa nne hadi mwisho linazungumzia chanjo za kuku.