Karavani ya Lainey Wilson na Kalamu Yake

SWALI: Mhariri, sisi wa Nakuru tulikuzwa na redio iliyokuwa ikipiga nyimbo za Jim Reeves na Don Williams, kwa hiyo sikushangaa binti yangu wa kidato cha nne alipoanza kumfuatilia Lainey Wilson, mwimbaji wa Marekani wa muziki wa kantri kama wao. Ananiambia kwamba mwanamuziki huyo aliishi katika karavani, yaani kijumba cha magurudumu kinachokokotwa na gari, kwa miaka kadhaa kabla ya kupata jina, naye sasa anataka kuyaacha masomo aende mjini kuimba. Hutunga nyimbo zake mwenyewe, tena nzuri. Je, habari hiyo ya karavani ni ya kweli, na ni nini hasa kilichomfikisha mwimbaji huyo alipo?
Mama msomaji, Nakuru

JIBU: Ni ya kweli, Mama, ila imesimuliwa mno hata imeifunika habari iliyo kubwa zaidi. Lainey Wilson alizaliwa mwaka 1992 na kukulia Baskin, kijiji cha jimbo la Louisiana chenye watu mia chache tu, baba yake akiwa mkulima na mama yake mwalimu. Alianza kutunga akiwa na umri wa miaka 9. Katika ujana wake alijipatia fedha kwa kuvaa wigi na kumwigiza Hannah Montana, yule mhusika wa televisheni ya watoto, kwenye sherehe za kuzaliwa. Ni kazi ya kuchekesha, lakini nadhani ilimzoesha kusimama mbele ya watu ambao hawakuja kwa ajili yake.

Mwaka 2011, akiwa na miaka 19, aliikokota karavani hadi Nashville, mji ulio kitovu cha muziki wa kantri, na kuiegesha nje ya studio ya mtayarishaji Jerry Cupit, mtu wa kwao Louisiana, ambaye alimsaidia kwa maji na umeme. Alikaa humo takriban miaka mitatu. Hapo ndipo wasimulizi wengi hurukia tuzo, ilhali tangu siku aliyoegesha hadi siku wimbo wake uliposhika nafasi ya kwanza redioni ilipita miaka 10. Albamu mbili alizozitoa bila kampuni kubwa, mwaka 2014 na 2016, hazikumtoa. Mashindano ya televisheni ya kusaka vipaji nayo yalimkataa mara kadhaa.

Kazi aliyokuwa akiifanya kwa miaka hiyo yote ni kutunga. Katika mji wa Nashville utunzi una saa zake kama kazi ya ofisi: watunzi wawili au watatu huwekeana miadi, hukutana asubuhi katika chumba chenye gitaa, na mara nyingi huondoka wakiwa na wimbo mzima, ambao kwa desturi hugawana haki zake sawasawa bila kubishana nani alileta mstari upi. Anayeingia katika vyumba hivyo kila siku hujifunza ufundi kutoka kwa waliomtangulia, na jina lake huanza kutajwa kabla sauti yake haijasikika. Ndivyo ilivyokuwa kwa Wilson. Mwaka 2018 alipata mkataba wa utunzi na Sony/ATV, kampuni ya uchapishaji wa muziki, yaani inayosimamia haki za watunzi, na mwaka huohuo mkataba wa kurekodi na BBR Music Group.

Wimbo uliomfungulia njia, “Things a Man Oughta Know”, aliutunga pamoja na Jonathan Singleton na Jason Nix. Mwimbaji anaanza kwa kuzitaja kazi azijuazo ambazo watu huzidhania kuwa za wanaume, kama vile kubadilisha gurudumu la gari, kisha polepole msikilizaji anang’amua kwamba anamsema mwanamume asiyejua kumtunza mpenzi wake. Wimbo huo ulipanda taratibu sana na kufika kileleni mwa chati ya redio za kantri mnamo Septemba 2021. Albamu iliyofuata mwaka 2022, “Bell Bottom Country”, imebeba jina la zile suruali ambazo wazee wetu waliziita bugaluu, na mwaka 2024 ilimpatia tuzo ya Grammy ya albamu bora ya kantri.

Kuna jambo la fedha ambalo binti yako anapaswa kulijua. Nchini Marekani, stesheni ya kawaida ya redio inapopiga wimbo humlipa mtunzi na mchapishaji wake, lakini haimlipi mwimbaji wala mwenye rekodi. Mwimbaji mwenye sauti ya dhahabu anayeimba maneno ya wengine hapati mrabaha, yaani malipo ya haki, wowote hapo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, pamoja na marekebisho yake, ni karimu zaidi, kwa kuwa inawatambua pia waimbaji na watayarishaji, ingawa mirabaha hiyo kufika mfukoni ni safari nyingine kabisa.

Kwa hiyo ningemshauri amalize kidato cha nne kwanza, kwa kuwa kutunga hakuhitaji nauli. Atafute watunzi wawili wanaomzidi uzoefu, atunge nao, na siku hiyohiyo waandike kwenye karatasi sehemu ya kila mmoja. Wimbo ukikamilika ausajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Tena asisahau kwamba Wilson alipofika Nashville alikuwa amekwisha kutunga kwa miaka 10, na alikuwa na mwenyeji.

SWALI: Mbona chati za kantri zimejaa wanaume?
Msomaji, Eldoret

JIBU: Kwa sababu redio zimewapendelea, na hazikuficha. Mwaka 2015 mshauri mmoja wa redio za Marekani alisema waziwazi kwamba wanaume ndio majani ya saladi na wanawake ni nyanya za kunyunyizia juu, tena akashauri nyimbo za wanawake zisipigwe kwa kufuatana. Tuzo ya Mburudishaji wa Mwaka ya Chama cha Muziki wa Kantri cha Marekani ilianza kutolewa mwaka 1967. Mwanamke wa kwanza kuipata, Loretta Lynn, aliipata mwaka 1972. Wilson alipoitwa jukwaani kuipokea Novemba 2023, hakuna mwanamke aliyekuwa ameishika tangu Taylor Swift mwaka 2011.