Mstari wa pili kwenye ile chati

Wiki yangu ya kwanza kazini nilioneshwa chati yenye mistari miwili. Wa kwanza, wa kijani, ulikuwa gharama ya paneli zetu za sola kwa kila wati, nao uliteremka mwaka hadi mwaka kama mtu anayeshuka ngazi. Wa pili ulikuwa bei ya paneli za kawaida za silikoni, na huo ulikuwa umelala tu kama mkeka. Pale mistari ilipokutana palichorwa duara jekundu: hapo ndipo tungeanza kuvuna. Nilipiga makofi pamoja na wenzangu. Hakuna aliyeuliza kwa nini mstari wa pili haushuki.

Kampuni ile haipo tena. Jina lake nitaliacha, maana walioiongoza hawakuwa matapeli na baadhi yao bado tunajuliana hali. Lakini kila kijana anayeniomba ushauri kabla ya kujiunga na kampuni changa ya nishati, mimi huanza kwa kumsimulia chati hiyo.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, tuseme haki. Paneli ya kawaida wakati ule ilitengenezwa kwa vipande vya silikoni vyenye unene wa karibu mikromita 180 hadi 200 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Sisi tulipaka utando wa shaba, indiamu, galiamu na seleniamu wenye mikromita mbili au tatu tu, mwembamba mara nyingi kuliko unywele wa kichwani. Malighafi kidogo, mashine inaendelea bila kusimama. Halafu katikati ya miaka ya 2000 silikoni safi iliadimika. Kufikia 2008 kilo moja ilikuwa inauzwa kwa zaidi ya dola 400 kwa wasio na mikataba ya muda mrefu. Ukiwa na teknolojia isiyoigusa silikoni, wawekezaji walikutafuta wenyewe.

Hatukuwa peke yetu. Nanosolar, iliyoanzishwa California mwaka 2002, ilitaka kuchapa sola kwa wino juu ya karatasi ya alumini, kama gazeti linavyochapwa. Larry Page na Sergey Brin wa Google walikuwa miongoni mwa waliotia pesa mapema. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 400, na mwaka 2013 milango ikafungwa. Solyndra ya Fremont, pia California, iliuzungusha utando ndani ya mirija ya kioo, ili unase mwanga kutoka pande zote, hata ule unaorudishwa na paa jeupe, huku upepo ukipita katikati ya mirija. Hadi leo nikiitazama ile mirija navutiwa. Mwaka 2009 serikali ya Marekani iliidhamini kwa mkopo wa dola milioni 535. Mei 2010 Rais Obama akatembelea kiwanda. Septemba 2011 ikawa mahakamani kwa kufilisika na wafanyakazi wapatao 1,100 wako nyumbani. Wanasiasa wakaifanya fimbo ya kuchapana, na katika kelele zile swali la bei likasahaulika.

Maana kilichotuua ni ileile bei iliyotuzaa. Dola 400 kwa kilo ziliwavutia wawekezaji kwetu, lakini pia zilimshawishi kila aliyeweza kujenga kiwanda cha kusafisha silikoni akijenge, na wengi wao walikuwa China. Viwanda vile vilipoanza kutoa mzigo, soko lilifurika. Mwisho wa 2012 kilo haikufika hata dola 20. Paneli za silikoni zilizouzwa karibu dola nne kwa wati mwaka 2008 zikashuka chini ya dola moja. Mstari wetu wa kijani uliteremka karibu kama ulivyochorwa, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kazi yetu tuliifanya. Ila duara jekundu lilikuwa limehama.

Kwa hiyo ukioneshwa chati ya aina hiyo, uliza nani alichora mstari wa mshindani na alitumia bei za mwaka gani. Uliza itakuwaje bei hiyo ikishuka nusu kabla kiwanda hakijakamilika. Wakikuonesha hesabu, hata kama ni mbaya, kaa usikilize. Wakikuambia haiwezekani, chukua mkoba wako.

Jambo la pili ni umbali kati ya maabara na kiwanda. Mwaka 2008 maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani, NREL, ilifikisha ufanisi, yaani sehemu ya mwanga inayogeuzwa umeme, wa asilimia 19.9 kwa aina ya utando tuliotumia. Sisi tuliibandika namba hiyo ukutani. Kipande kilichopimwa kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba! Paneli nzima zilizokuwa zikitoka viwandani miaka ile zilicheza kwenye asilimia 10 hadi 12, wakati za silikoni zilikuwa mbele. Na ufanisi mdogo una gharama isiyoonekana kwenye bei ya paneli: unahitaji eneo kubwa zaidi, vyuma vingi zaidi, nyaya nyingi zaidi na siku nyingi zaidi za fundi kupata umeme uleule. Mteja huilipa yote hiyo.

Mimi nilikuwa kitengo cha ubora. Kipimo chetu cha haraka kilikuwa cha kitoto: unabandika selotepu juu ya utando, unaikandamiza kwa kidole, kisha unaivuta kwa mara moja. Ikitoka safi, endelea. Asubuhi moja niliivuta ikatoka nyeusi, utando wote umeng'oka juu ya tabaka la molibdenamu, metali ya kupitisha umeme iliyo chini yake, kama ganda la kitunguu, na chini nikaona chuma king'aavu kinanitazama. Tulirudia kwenye roli nzima. Mita kwa mita, uleule. Kosa lilikuwa kwenye hatua ya seleniamu: joto lilizidi kidogo, na tabaka la chini likaliwa.

Hilo tulilirekebisha haraka. La unyevu ndilo lililotumaliza pumzi. Utando ule unaogopa maji, na ili uuze paneli ni lazima zipite jaribio la saa 1,000 katika nyuzi joto 85 na unyevu wa asilimia 85. Saa 1,000 ni karibu siku 42. Ukibadilisha gundi ya pembeni leo, jibu kamili utalipata wiki sita baadaye, na likiwa baya unaanza upya. Mishahara haisubiri jaribio. Mwaliko wowote wa kazi kwenye kampuni ya vifaa, kaa chini upige hesabu hii: pesa zilizobaki zinatosha makosa mangapi? Sisi, nilipokuja kuhesabu kwa kuchelewa, zilitosha makosa manne. Tulikuwa tumeshafanya matatu.

Kuhusu hisa nitasema kwa kifupi kwa sababu bado inanikera. Nilikubali mshahara mdogo ili nipewe haki ya kununua hisa. Kampuni ikifa, wadai hulipwa kwanza, kisha wawekezaji wenye hisa za upendeleo. Anayebaki mwisho wa foleni ni wewe, na sufuria huwa imeshakombwa. Mwenzangu mmoja aliacha kazi mapema, akapewa siku 90 za kuamua kama anunue hisa zake au azipoteze, akatoa akiba yake akanunua. Mshahara ukuridhishe wenyewe. Hisa zihesabu kama tiketi ya bahati nasibu.

Usidhani utando mwembamba wenyewe ndio uliokuwa mkosi. First Solar ya Marekani ilitumia kadimiamu teluraidi, mchanganyiko wa kadimiamu na teluriamu, juu ya kioo, mchakato rahisi kuliko wetu wa elementi nne. Kazi ya msingi ilikuwa imeanza Ohio miaka mingi kabla ya mbio za California, na mwishoni mwa 2008 gharama yao ilishapita chini ya dola moja kwa wati. Dhoruba ilipofika wao walikuwa ndani, mlango umefungwa. Sisi tulikuwa bado tunatafuta mbao za mlango.

Mashine yetu kubwa ya kupaka utando iliuzwa kwenye mnada. Nilikodishwa siku mbili kuwaonesha wanunuzi namna ya kuizima salama, kwa sababu ya mabaki ya seleniamu. Aliyeshinda alinisikiliza kwa adabu nikimweleza jinsi tulivyosawazisha joto kwenye kanda zote, kisha akaniuliza boliti za pampu za ombwe ni za saizi gani. Alikuja kuchukua pampu tu.