Kabla ya kuongeza busti, weka breki sawa: kwa wenye magari ya spidi Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukifunguka pale Oktoba na minada ikianza kulipa, mjini hapa unaanza kuona magari mageni. Altezza, Impreza, Forester ya tabo, Mark X, Crown, na haupiti muda unasikia mtu kashafungua eksozi, mwingine anataka rimu za inchi 18, mwingine anaulizia nani Dar anaongeza busti, yaani presha ya hewa ya tabo ili injini iwe na nguvu zaidi. Breki hakuna anayeiulizia. Hili linaniumiza kweli kwa sababu barabara zetu nazijua, naendesha Impreza WRX hapa Mtwara, ndio gari langu la kila siku na ndio hilo hilo naenda nalo Newala, Masasi, Lindi mpaka Dar, na najua ukitoka kwenye kona unakutana na nini: lori la simenti linapanda kwa gia ya pili, bodaboda kaingia bila kuangalia, mbuzi wamelala katikati ya lami.

Ninachotaka kusema ni kwamba breki ya gari la spidi haianzi na kalipa kubwa nyekundu, kile kipande kinachobana padi kwenye diski. Inaanza na mafuta ya breki, padi, hozi na tairi, kalipa kubwa zinakuja mwisho kabisa na wengi hata hawatazihitaji. Nikiona mtu kafunga kalipa za bei mbaya juu ya mafuta ya breki ambayo hayajabadilishwa tangu gari lishuke melini, naogopa kuliko ninavyoogopa gari lenye breki za kawaida zilizotunzwa.

Breki kazi yake ni moja, kugeuza mwendo kuwa joto afu kulitoa hilo joto hewani. Na joto haliongezeki sawasawa na spidi, spidi ikiwa mara mbili joto linakuwa mara nne. Gari la kilo 1,500 likisimama kutoka 60 linazalisha kama kilojuli 208, likisimama kutoka 120 inafika 833, hiyo inatosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji ya bomba, na hapo umesimama mara moja tu. Sasa njoo kwenye mteremko. Ukishuka mita 300 za mwinuko kwa breki peke yake, gia huitumii, ni sawa na umesimama kutoka 120 zaidi ya mara tano mfululizo bila kuzipa diski nafasi ya kupoa. Na Newala iko ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, unasimama pale unaliona bonde la Ruvuma lote kule chini, kwahiyo anayeshuka kutoka kule aelewe hilo joto lote linaenda wapi.

Niliwahi kushuka kutoka Newala kuelekea Masasi na rafiki yangu kwenye Altezza yake, gari limejaa watu na mizigo, yeye anashuka kwa kukanyaga breki tu. Katikati ya mteremko pedeli ikaanza kulainika, kila akikanyaga inaenda chini zaidi, akaniambia "kaka, breki haishiki." Nikamwambia pampu pedeli harakaharaka, rudisha gia, shuka tena nyingine, tukalipunguza mpaka tukapata pa kusimama. Tukaacha ipoe, na pedeli ikarudi ngumu kama hakuna kilichotokea. Fundi wa kwanza aliyeiangalia akasema breki haina tatizo, na kweli ikiwa ya baridi haikuwa na tatizo! Tulipofungua nipo ya kutolea upepo pale kwenye kalipa ya mbele yakatoka mafuta meusi kama chai ya rangi, na hapo ndio palikuwa na jibu.

Shika tofauti hii maana tiba zake haziko sawa. Pedeli ikiwa laini na inazama, hapo mafuta yamechemka ndani ya kalipa, yametengeneza mvuke, na mvuke unabonyea wakati mafuta hayabonyei, nguvu ya mguu wako inaishia kubana mapovu. Lakini pedeli ikiwa ngumu kabisa, unakanyaga kwa nguvu zote na gari linaendelea kwenda na harufu ya kuungua inaingia ndani, hapo mafuta ni mazima ila padi zimepita joto lake. Wa kwanza abadilishe mafuta, wa pili abadilishe aina ya padi. Watu wanachanganya hivi vitu viwili, wanatumia hela kwenye kitu ambacho sio.

Mafuta ya breki ya kawaida yananyonya unyevu kutoka hewani, hiyo ndio tabia yake, na sisi tuko pwani. Madaraja yake yanaandikwa DOT kwenye chupa. DOT 3 ikiwa mpya kabisa kiwango cha chini inachotakiwa kuchemkia ni nyuzi 205, ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7 kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishanyonya maji, DOT 5.1 ni 260 na 180. Kwahiyo DOT 4 ya zamani inashindwa hata na DOT 3 mpya, na ndio maana nasema kubadilisha mafuta ni apgredi ya bei ndogo kuliko zote. Mimi nabadilisha kila mwaka, ushauri wa watengenezaji wengi ni kama miaka miwili ila kwa unyevu wa huku na gari linalopanda na kushuka Newala siwezi kusubiri huko. DOT 3, DOT 4 na 5.1 ni za familia moja, DOT 5 yenyewe ni ya silikoni, hiyo achana nayo kabisa, haichanganyiki na hizo na haifai kwenye gari lenye ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukipiga breki kwa nguvu. Nunua chupa ambayo muhuri wake haujafunguliwa, ile iliyokaa kwenye shelfu nusu imeshakunywa unyevu. Na asije mtu akakujazia mafuta ya stering'i au ya injini eti yanafanana, raba zote za masta silinda (ile pampu inayosukumwa na pedeli) na kalipa zitavimba na hapo utabadilisha mfumo mzima.

Jambo dogo hapo hapo: kikopo cha mafuta kikishuka usikimbilie kujazia, mara nyingi kinashuka kwa sababu padi zimelika na pistoni za kalipa zimetoka nje. Angalia padi kwanza.

Tukija kwenye padi, kwa sisi watu wa kusini kuna kitu nakipenda sana. Yale mafuta ya ganda la korosho, yale yanayounguza mikono ya mama zetu wakati wa kubangua, yanachakatwa viwandani na kugeuzwa unga mgumu unaochanganywa kwenye padi nyingi za breki duniani, kwa sababu unatuliza msuguano na kupunguza kelele. Yaani inawezekana kabisa unasimamisha gari kwa kitu kilichoanzia kwenye mkorosho.

Padi ya gari la spidi chagua kwa matumizi. Padi za mashindano hazishiki zikiwa baridi, asubuhi unatoka Shangani unafika njia panda ya kwanza gari halisimami unavyotaka, hizo ni za uwanjani. Unayoitaka ni padi ya barabarani yenye uwezo wa joto la juu kidogo. Geuza padi uangalie maandishi ya pembeni au ya mgongoni, nyingi zina herufi mbili mwishoni kama EE, FF au GG. Ya kwanza ni msuguano ikiwa ya kawaida, ya pili ni ikiwa ya moto. E ni 0.25 mpaka 0.35, F ni 0.35 mpaka 0.45, G ni 0.45 mpaka 0.55. Ukikuta FE maana yake ikipata moto inapoteza nguvu, kwa gari la tabo mimi hiyo siichukui. Na padi isiyo na maandishi yoyote, boksi linang'aa na jina la kampuni kubwa limekosewa herufi, irudishe dukani hata kama ni nusu bei.

Ukifunga padi mpya usiingie nayo safari siku hiyo hiyo. Tafuta kipande kitupu cha barabara, nenda 60, punguza kwa nguvu ya wastani mpaka karibu 10 bila kusimama kabisa, rudi 60, hivyo hivyo kama mara nane au kumi, afu endesha taratibu bila kugusa breki mpaka zipoe. Hapo padi inapaka tabaka jembamba la mali yake kwenye diski, na hilo tabaka ndilo linaloshika vizuri. Diski ikiwa ya moto sana ukasimama na mguu umekanyaga, padi inaacha alama sehemu moja tu, baada ya siku kadhaa usukani unaanza kutetemeka ukipiga breki na unaambiwa diski imepinda. Mara nyingi haijapinda, ina madoa ya padi au imelika bila usawa. Kuichonga kwenye mashine inawezekana ila pima kwanza unene kwa venia (kile kipimo cha milimita), kila diski imegongwa unene wa chini kabisa, mfano diski ya mbele ya WRX yenye kalipa za pistoni nne ikiwa mpya ni milimita 24 na mwisho wake ni 22. Ikiwa 22 na nusu fundi akakwambia anaichonga, mwambie hapana, tunanunua mpya. Diski nyembamba haina pa kuweka joto.

Sasa chumvi. Huu ndio ugonjwa wa kwetu na vitabu vya gari havikuambii kwa uzito wake. Gari linalolala karibu na bahari, Shangani, Mikindani au Lindi mjini kule chini, au gari linalopelekwa Msimbati kukanyaga mchanga wa ufukweni, linakufa breki polepole kuanzia kwenye pini za kalipa. Hizi ni zile pini mbili ambazo kalipa ya kuteleza inatembelea. Kifuko cha raba kikipasuka kidogo tu unyevu wa chumvi unaingia, grisi inakuwa tope la kahawia, pini inaota kutu na kalipa inagoma kuteleza. Utajuaje? Padi ya ndani imekwisha na ya nje bado nene, au rimu ya upande mmoja ni ya moto kuliko nyingine baada ya safari. Chomoa pini kwa mkono, inatakiwa itoke bila ugomvi, ifute, isugue na msasa laini, ukikuta imechimbika badilisha, paka grisi ya silikoni ya breki. Sio ile grisi ya beringi, ile inavimbisha raba na unarudi pale pale. Ukitoka ufukweni osha magurudumu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ila subiri diski zipoe kwanza, afu endesha kidogo ukipiga breki ili zikauke.

Hozi za raba za magari haya ya mtumba zimezeeka, unaikunja unaona nyufa, na zingine zinavimba kwa ndani unapokanyaga. Zenye wavu wa chuma zinafanya pedeli iwe imara zaidi. Hakikisha tu hazisuguani na tairi ukikata usukani mpaka mwisho.

Haya, kalipa kubwa. Kusimama mara moja kutoka 100 kunaamuliwa na tairi, kama breki zako za sasa zinaweza kugandisha magurudumu mpaka ABS ikafanya kazi, kalipa kubwa hazitafupisha umbali huo. Zinachokupa ni uvumilivu wa joto ukirudiarudia. Kwa wenye Impreza na Forester za kalipa ya kawaida, hatua nzuri ni kuhamishia za pistoni nne za WRX na diski zake za milimita 294, nyingi zinaingia kwenye rimu za inchi 16. Kalipa za Brembo za STI, ile Impreza kali kuliko WRX, zinataka inchi 17, na angalia tundu za bolti, STI za mwanzo ni 5x100 (bolti tano kwenye duara la milimita 100) na za kuanzia katikati ya miaka ya 2000 ni 5x114.3. Ukiongeza mbele tu bila kufikiria nyuma unabadilisha mgao wa breki, pua inabeba kazi yote, na pistoni zikiwa kubwa sana kwa masta silinda yako pedeli inakuwa ndefu. Za mtumba kutoka Kariakoo zipo, ila kabla hujaruhusu zipakiwe kwenye basi omba picha ya pistoni zikiwa zimesukumwa nje kidogo, ukiona kutu kwenye ukingo wa pistoni usilipe.

Tairi angalia tarakimu nne za mwisho kwenye ile namba ya DOT ubavuni (hii sio DOT ya mafuta ya breki), mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka. Magari mengi yanashuka bandarini na tairi zenye kashata nzuri ila raba imeshakuwa ngumu.

Na mafundi wetu, nawaomba sana, ile tabia ya kupuliza vumbi la breki kwa kompresa muache. Linings za breki za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake linaharibu mapafu, na huwezi kujua kwa macho iliyo mbele yako ina nini. Lowesha kwa maji na sabuni, futa kwa kitambaa, vaa barakoa, na vijana wanaojifunza kazi pale gereji wasogee pembeni mpaka umalize.