Hiyo ni Hijaz Kar, si Hijaz ya kawaida

Hapana kaka, unasema noti za wimbo uliorekodi ni Hijaz, lakini C, D-flati, E, F, G, A-flati, B ni Hijaz Kar; zote mbili ni maqam, yaani skeli za muziki wa Kiarabu. Hijaz tupu ingekuwa na B-flati mahali pa B. Hapo B imebaki juu, ndiyo maana unasikia mruko wa nusutoni tatu (nusutoni ni hatua ndogo kabisa ya kinanda) mara mbili: D-flati kwenda E, kisha A-flati kwenda B. Wazungu wengine huiita skeli ya Bizanti. Nafundisha kinanda hapa South B, Nairobi, na wanafunzi waliopitia muziki wa Kusini mwa India huitambua papo hapo: kwao ni Mayamalavagowla, ya 15 kati ya melakarta (skeli mama) 72, na ndiyo wanayoanzia masomo.

Ila sikiliza wimbo unatulia wapi. Ukitulia kwenye F, noti hizohizo zinakuwa skeli nyingine, minori ya Hungaria, habari nyingine kabisa. Na kama ulichorekodi ni taarab ya Mombasa, usiiamini sana ile programu ya simu inayokutajia noti. Mpiga udi au fidla mara nyingi huubana kidogo ule mruko wa D-flati na E, kinanda hakiwezi.