Akikubishia Hodi Mwanamke Mkimbizi Aliyebakwa

Mwanamke mkimbizi akibakwa, mara nyingi huanza kwa jirani, polisi baadaye. Kwa hiyo haya ni ya jirani: wewe wa Handeni karibu na Chogo, walikopokewa Wazigua waliokimbia vita Somalia, au wewe wa Tanga mjini uliyempangisha chumba dada kutoka Congo au Burundi.

Mpe pole, usimhoji. Kisha angalia saa. Dawa za kukinga VVU, yaani PEP, huanzwa ndani ya saa 72, na kuchelewa hupunguza nguvu yake. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba hutolewa hadi saa 120. Akikitapika ndani ya saa mbili, aombe kingine. Hospitali kwanza basi, na kwa wa mjini ni Bombo. PF3, yaani fomu ya polisi, inahitajika kwa kesi, ila matibabu yasiisubiri.

Asioge wala asifue. Kama ameshaoga, aende vivyo hivyo. Kila nguo iwe na mfuko wake wa kaki. Nailoni hufungia unyevu, nguo ikaota ukungu na ushahidi ukaharibika. Iliyolowa ianikwe kivulini kwanza.

PEP humezwa siku 28, na hapa ndipo wengi wanapokwama: kichefuchefu wiki ya kwanza, au mume kukiona kichupa. Ameze baada ya chakula cha usiku. Ikibidi mtunzie wewe, awe anapita jioni kama anayeazima chumvi.

Mkalimani ni jambo linalodharauliwa mno. Asiwe mume, mtoto, wala mzee wa jamii yake. Kwa mtu wa Chogo, mama Mzigua wa Handeni mjini anafaa kuliko jirani wa humo humo makazini, maana habari itawafikia ndugu wa mbakaji kabla ya magharibi. Mkongomani naye, japo anasema Kiswahili, asomewe maelezo yake polepole kabla ya kuweka sahihi. Kiswahili chake na cha Tanga hupishana.

Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inawataka wakimbizi wakae maeneo waliyopangiwa na watoke kwa kibali. Mbakaji hulijua hilo, ndiyo maana hutisha: “Nenda polisi, wakurudishe kambini Kigoma.” Mwanamke kukosa kibali hakumfutii mbakaji kosa, ambalo adhabu yake ni kuanzia miaka 30 jela hadi maisha. Hata hivyo asiende peke yake. Mtafutie afisa ustawi wa jamii amsindikize hadi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Wazee watakuja na bahasha, wakitaka yaishie nyumbani. Ubakaji ni jinai, hakuna kikao cha ukoo chenye mamlaka ya kuufuta. Mweleze mwenyekiti wa mtaa mapema, kabla hajaalikwa kukalia kiti cha usuluhishi.

Kipimo cha VVU hurudiwa baada ya wiki sita, kisha miezi mitatu. Tarehe ziandike kwako pia.