Wasomaji Wauliza: Waliogombana Hague Waligombania Nini?

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi jinsi mkutano wa wasoshalisti mjini Paris wa Julai 1889 ulivyoiteua Mei Mosi ya 1890 kuwa siku ya kudai kazi ya saa nane. Barua zilizofuata, nyingi kutoka Nakuru, Kisumu na Kakamega, hazikujali sana Mei Mosi yenyewe. Zilitaka kujua kwa nini watu waliohubiri umoja wa wafanyakazi wa dunia nzima walishindwa kukaa chumba kimoja, hata Muungano wao wa kwanza wa kimataifa ukapasuka mjini Hague, Uholanzi, Septemba 1872. Tunajibu tano.

Vitabu wanavyosoma wanafunzi wangu vinasema Muungano wa Kimataifa wa Wafanyakazi ulivunjika kwa sababu Karl Marx, msoshalisti wa Kijerumani aliyeishi London, na Mikhail Bakunin, mwanamapinduzi wa Kirusi, walichukiana. Ndivyo? (Mwalimu wa historia, Kakamega)

Chuki ilikuwepo, mwalimu, wala hawakuificha. Lakini ukianzia hapo utakosa kiini. Muungano ulizaliwa tarehe 28 Septemba 1864 katika ukumbi wa St Martin's Hall, London, Bakunin akiwa hayumo. Waliokuwamo ni viongozi wa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, kama George Odger na William Randal Cremer, ambao kero yao kubwa ilikuwa waajiri kuleta vibarua kutoka ng'ambo kila mgomo unapoanza. Walikuwamo mafundi wa Paris wakiongozwa na Henri Tolain, wafuasi wa Pierre-Joseph Proudhon, mwanafikra Mfaransa. Walikuwamo Waitalia wa Giuseppe Mazzini, waliojali taifa la Italia kuliko mapambano ya matabaka. Na walikuwamo wakimbizi wa Kijerumani. Marx mwenyewe alikaa jukwaani kimya. Baadaye ndiye aliyeandika kanuni, akaziacha pana makusudi ili kila kundi lipate pa kuegemea. Upana huo uliujenga Muungano, na ndio ulioutia mashakani.

Bakunin aliingia 1868, akaanzisha mjini Geneva Ushirika wa Demokrasia ya Kisoshalisti, uliotaka kupokelewa mzima mzima. Baraza Kuu la London, lililoendesha Muungano, lilikataa Desemba mwaka huo: chombo cha kimataifa hakiwezi kukaa ndani ya chombo kingine cha kimataifa, kila kimoja na mikutano yake. Mwaka 1869 Ushirika ukatangaza kwamba umejivunja, na tawi lake la Geneva likapokewa kama tawi la kawaida. Marx hakuamini hata siku moja kwamba mtandao wa siri ulikufa, na kwa kweli Bakunin alipenda vyama vya siri kupita kiasi.

Hoja yenyewe ilihusu dola. Kwa Marx, wafanyakazi lazima waunde chama chao cha siasa na kushika mamlaka. Kwa Bakunin, anayeshika dola hugeuka bwana, hata kama jana alikuwa kibarua. Sasa tazama nani alimfuata nani. Ujerumani Kaskazini wanaume walikuwa na kura tangu 1867, na August Bebel, kiongozi wa wafanyakazi, aliketi bungeni. Kwa watu hao chama cha siasa kilikuwa chombo kilichoko mkononi. Italia, mfanyakazi wa kawaida hakuwa na kura kabisa. Na katika milima ya Jura, Uswisi, watengeneza saa walikuwa na kura, lakini 1868 kiongozi wao Pierre Coullery aliungana na wahafidhina kwenye uchaguzi, na vijana kama James Guillaume wakaapa kutorudia. Isitoshe, wengi wao walifanya kazi nyumbani au katika karakana ndogo, kwa vifaa vyao. Fundi wa jua kali pale Kibuye na mwajiriwa wa kiwanda cha sukari hawalisikii neno "bosi" kwa sikio moja.

Kuna kejeli moja ambayo vitabu huiruka. Mkutano wa Basel wa 1869 ulilipatia Baraza Kuu uwezo wa kusimamisha tawi, na Bakunin aliunga mkono. Miaka miwili baadaye watu wake waliuita uwezo huohuo udikteta. Kilichobadilika katikati ni kwamba Jumuiya ya Paris, serikali ya waasi wa mji huo (18 Machi hadi 28 Mei 1871), ilikuwa imezimwa kwa damu, matawi ya Ufaransa yakapigwa marufuku, na Septemba 1871 kikao cha faragha cha London kikaamua kwamba wafanyakazi ni lazima wawe na chama chao cha siasa. Novemba, matawi ya Jura yalikutana Sonvilier na kutoa waraka: Baraza liwe ofisi ya barua na takwimu, basi. Kutoka hapo njia ilinyooka hadi Hague.

Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi katika kampuni moja. Meneja husema ukipandisha mshahara, bei zitapanda na hakuna atakayefaidi. Je, ni kweli wasoshalisti wa zamani walibishania jambo hili? (Nakuru)

Walibishana vikali, na ajabu ni kwamba aliyesema kama meneja wako alikuwa mjumbe wa Baraza Kuu: John Weston, seremala. Weston alishikilia kwamba mali inayogawiwa wafanyakazi ni kama supu kwenye bakuli: vijiko vikiwa vikubwa, supu haiongezeki. Marx alimjibu kwa vikao viwili, tarehe 20 na 27 Juni 1865. Alisema tatizo halikuwa bakuli kuwa dogo. Wafanyakazi walikuwa wamepewa vijiko vidogo.

Hesabu aliyotumia ni rahisi kuiandika ubaoni. Chukua mtu anayefanya kazi saa 12. Kila saa 6 za kazi huongeza thamani ya shilingi 3 za Uingereza, kwa hiyo kwa siku anaongeza shilingi 6. Akilipwa 3, mwenye mali anabaki na 3. Akilipwa 4, mwenye mali anabaki na 2. Zile 6 hazijasogea. Kilichosogea ni mgawanyo. Kwa hiyo mshahara ukipanda, kinachobanwa kwanza ni faida, na ndiyo sababu waajiri hupinga. Kama wangeweza kupandisha bei wapendavyo, wangekuwa wameshapandisha bila kungoja mgomo wako.

Usimnukuu nusu, lakini. Marx alimalizia kwa onyo kwamba chama kinachopigania mshahara peke yake kinapambana na matokeo na kuiacha sababu. Hapo ndipo alipoachana na Waingereza, ambao wengi waliridhika na nyongeza na haki ya kupiga kura. Wafuasi wa Proudhon walikuwa mbali zaidi: hawakuamini migomo hata kidogo. Ukweli wa mambo uliwashinda. Mapema 1867 wafua shaba wa Paris walipofungiwa nje, vyama vya London vilituma fedha kupitia Muungano, waajiri wakalegea. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mjumbe wa Paris kusimama na kuhubiri ubaya wa mgomo.

Chama chetu cha akiba na mikopo kina wanachama wengi hapa Kisumu. Nimesoma kwamba Proudhon ndiye baba wa wazo hili. (Mweka hazina)

Si baba, labda ni mjomba. Benki ya Watu aliyoiandikisha Januari 1849 ilikusudiwa kutoa mikopo kwa riba ya karibu na sufuri na kuwezesha mafundi kubadilishana bidhaa bila fedha za kawaida. Ilifungwa Aprili mwaka huohuo kabla ya kufanya biashara yenyewe, maana Proudhon alihukumiwa kifungo kwa maandishi ya kumshambulia Rais Louis-Napoléon wa Ufaransa. Hata bila kesi ile ingepata shida: mkopo usio na riba unahitaji mtu wa kubeba hasara asiyelipa anapotoweka, na Proudhon hakulijibu hilo vizuri.

Nasaba ya chama chako inapitia kwingine: Friedrich Raiffeisen huko Heddesdorf, Ujerumani, 1864, ambako wanachama walidhaminiana, kisha Alphonse Desjardins mjini Lévis, Quebec, 1900. Raiffeisen hakuwa msoshalisti.

Ugomvi wa wasoshalisti kuhusu ushirika ulikuwa mwingine. Ferdinand Lassalle, msoshalisti wa Kijerumani aliyeanzisha chama chake mjini Leipzig tarehe 23 Mei 1863, aliwacheka wale waliowaambia wafanyakazi waweke akiba. Alitaka dola itoe mtaji wa viwanda vya ushirika, na hata alikutana kwa siri na Bismarck, kiongozi wa serikali ya Prussia. Marx alisifu ushirika kwa kuonyesha kwamba kiwanda chaweza kwenda bila bwana, lakini aliona mtaji kutoka kwa serikali ya Bismarck ni kitanzi. Alilirudia hilo kwa ukali 1875, wafuasi wa Lassalle na kundi la Bebel walipoungana mjini Gotha.

Hao wote walijadili Ulaya. Sisi tuliotawaliwa walitusema lini? (Mwanafunzi, Maseno)

Suala lilichemka Stuttgart, Agosti 1907, katika Muungano wa Pili, ule ulioanzia Paris 1889. Wakati huo reli ilikuwa imekwisha kufika Kisumu tangu Desemba 1901 na wazazi wa babu zako walikuwa wakilipa kodi ya nyumba. Afrika Mashariki haikuwa na mjumbe.

Kamati ya mkutano, ikiongozwa na Mholanzi Henri van Kol, ilileta rasimu isiyokataa ukoloni wote kimsingi. Ilidai kwamba chini ya usoshalisti ukoloni ungeweza kustaarabisha. Eduard Bernstein, Mjerumani, aliunga mkono. Mwenzake Karl Kautsky alipinga: huwezi kumstaarabisha mtu kwa kumtawala. Van Kol alimjibu kwa dhihaka kuhusu kupeleka mashine kwa "washenzi" wa Afrika ya kati, akasema wazi kwamba huko ni lazima kwenda na silaha. Hayo yalisemwa na msoshalisti, mbele ya wasoshalisti.

Rasimu yake ilipata kura 108 na ikashindwa. Angalia utaratibu wa kura uelewe kwa nini: kila nchi ilipewa kura kati ya 2 na 20, kulingana na uzito wake. Wajerumani, wenye 20, waliunga mkono rasimu. Waliowaangusha ni pamoja na Warusi na mataifa madogo yasiyo na makoloni. Sisi tunaona kwamba huu ndio mpasuko uliotabiri Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza na vyama vikubwa vikapiga kura ya kuunga mkono fedha za vita, kuliko ugomvi wowote wa Marx na Bakunin.

Tuna klabu ya mdahalo ya wanafunzi 40 na vipindi viwili vya dakika 40. Tunaweza kuigiza mkutano wa Hague? (Mwalimu mwingine, Bungoma)

Mnaweza, na utafundisha kuliko mhadhara. Mkutano ulifanyika 2 hadi 7 Septemba 1872 ukiwa na wajumbe 65, takriban 40 wa Baraza Kuu na 25 wa upinzani. Kwa hiyo weka wanafunzi 25 kwa 15. Ndani ya wale 25 tenga watano wawe wafuasi wa Auguste Blanqui, mwanamapinduzi Mfaransa, wakimbizi wa Jumuiya ya Paris wakiongozwa na Édouard Vaillant: wanataka Baraza lenye nguvu, lakini likae Ulaya lipange mapinduzi. Ndani ya wale 15 weka Wahispania wanne na watu wa Jura wawili. Waliobaki ni Wabelgiji, Waholanzi na Waingereza waliochoshwa na Marx.

Mpe kila mmoja hati ya uwakilishi: jina la tawi, idadi ya wanachama, kama ada imelipwa. Kanuni zilisema tawi lolote hutuma mjumbe mmoja, na lenye zaidi ya wanachama 500 huongeza mmoja kwa kila 500 zaidi. Ada ilikuwa peni 1 kwa mwanachama kwa mwaka. Tawi ambalo halijalipa halina kura. Wahispania na Jura wape agizo lililoandikwa: msipige kura isipokuwa kura zihesabiwe kwa idadi ya wanachama mnaowawakilisha. Agizo hilo litawafunga mikono muda wote, kama lilivyowafunga wenzao.

Dakika 30 za kwanza ni za kukagua hati. Usizipunguze, kwa kuwa Hague kazi hiyo ilikula siku tatu za mwanzo na ndiyo iliyoamua mshindi. Mwanafunzi mmoja awe Maltman Barry, Mwingereza mwenye hati ya tawi la Chicago. Wapinzani wadai si kiongozi anayejulikana Uingereza, na anayeigiza Marx ajibu kwamba hiyo ni sifa, maana wanaojulikana wamejiuza.

Kisha kura, kwa mpangilio huu: nguvu za Baraza, kuhamishia Baraza New York, chama cha siasa, kufukuzwa kwa Bakunin na Guillaume. Pendekezo la New York alijue anayeigiza Friedrich Engels, rafiki wa Marx, peke yake. Likitangazwa, wafuasi wako wa Blanqui watashtuka, na likipita watatoka nje; kura itakuwa ya kubanana: kwa kweli ilikuwa 26 dhidi ya 23, wengine 9 wakikaa kimya. Ukiwaambia mapema, watapanga, na mchezo utaharibika.

Makosa mawili hutokea. La kwanza ni kumweka Bakunin ukumbini. Hakuwepo, Guillaume ndiye asimame. La pili ni kuwaweka Waitalia. Walikuwa wameamua huko Rimini, Italia, Agosti, kususia mkutano, na kususia kuliwapokonya wenzao kura. Ukibaki na muda, rudia kura ya New York ukiongeza Waitalia wanane upande wa upinzani, halafu wahesabu upya.

Walioshindwa wahamie kona nyingine ya darasa. Hao ni mkutano wa Saint-Imier, Uswisi, 15 na 16 Septemba, ambako kila shirikisho lilitangazwa huru. Darasa likiuliza nani alidumu zaidi, jibu ni hili: Baraza la New York, lililoongozwa kwanza na Friedrich Sorge, lilifungwa Philadelphia Julai 1876, na wale wa kona walifanya mkutano wao wa mwisho Verviers, Ubelgiji, Septemba 1877.