Wadogo zangu munaoanza masomo ya ndege, anzeni na pembe ya bawa

Wadogo zangu munaoanza kusoma mambo ya ndege mwaka huu, iwe hapa Lubumbashi ao huko Kinshasa, nawaandikia mapema juu kuna hadithi moja ya namna bawa linabeba ndege, mutaikuta karibu kila mahali, na musipoitoa kichwani sasa itawasumbua mpaka mwaka wa tatu. Hadithi yenyewe inasema hivi: bawa limevimba juu, chini limenyooka, hewa ikifika mbele inagawanyika, ile ya juu iko na njia ndefu, ya chini njia fupi, na kwa sababu lazima zote mbili zikutane nyuma kwa wakati moja basi ya juu inakimbia, ikikimbia presha inashuka, na bawa linavutwa juu. Inaingia kichwani vizuri, inachoreka vizuri ubaoni, njo maana haifi.

Sasa ujiulize, nani aliziambia lazima zikutane? Hakuna sheria ya fizikia inayosema hewa mbili zilizoachana zina rendez-vous nyuma ya bawa. Watu wamepuliza moshi kwenye tuneli ya upepo, wakaukatakata ili waone kipande cha juu na kipande cha chini vilivyoanza pamoja vinafika lini, Holger Babinsky, mtafiti wa chuo kikuu cha Cambridge, alionyesha hiyo kitu wazi kabisa mwaka 2003, na moshi wa juu unafika nyuma kabla ya ule wa chini, tena unauacha mbali. Yaani hewa ya juu inakimbia kupita hata vile hadithi inavyodai. Ile sehemu ya presha iko kweli, mahali hewa inaongeza mwendo bila kuongezewa nguvu presha inapungua, hiyo Daniel Bernoulli aliandika tangu 1738 na hakuna wa kuibisha. Uongo uko kwenye sababu ya kukimbia. Na kama hadithi ingekuwa ya kweli, ndege za maonyesho ambazo bawa lao ni sawasawa juu na chini zisingetoka chini hata sentimita moja, kumbe zinaruka, tena zinaruka tumbo likitazama mawingu.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza hapo, "Sasa mukubwa, kama si njia ndefu, ni nini njo inabeba?" Jibu ni kwamba bawa linaichukua hewa iliyokuwa inaenda zake na kuitupa chini. Ukiisukuma hewa chini, hewa inakusukuma juu, Newton na sheria yake ya tatu ya 1687, basi. Lakini musifikiri ni tumbo la bawa peke yake linalopiga hewa, wengi wanakwama hapo. Kazi kubwa inafanywa na mgongo, ule upande wa juu. Hewa inapopita juu ya mgongo inafuata ile kona ya kushuka, na kitu chochote kikipiga kona lazima kuwe na kinachokisukuma kuelekea ndani ya kona. Ukiwa kwenye taxibus inayokata kona kwa mwendo, ni mlango njo unakusukuma upande wa ndani, bila mlango ungeendelea tout droit mpaka barabarani. Hewa haina mlango, inasukumwa na tofauti ya presha tu: presha kubwa nje ya kona, presha ndogo ndani, karibu na ngozi ya bawa. Hiyo presha ndogo juu ya mgongo njo portansi yenu, yaani nguvu inayobeba ndege. Na hewa inayotoka eneo la presha kubwa kuingia eneo la presha ndogo inaongeza mwendo, njo unampata tena Bernoulli kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo profu wa kwanza akiwaambia ni Bernoulli na wa pili akawaambia ni Newton musiwagombanishe, ni hesabu moja imeandikwa mara mbili.

Tuweke namba kidogo juu bila namba haya yote ni maneno. Muchukue Cessna Caravan, ile ya moteri moja tunaiona kila siku. Uzito wake wa juu kabisa wa kuruka ni kama kilo 3970, na bawa lake lina karibu mita mraba 26. Gawanya: kila mita mraba inabeba kama kilo 150. Sasa hewa ya hapa Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, mita 1300 juu ya bahari, inagandamiza kila mita mraba kwa uzito wa karibu tani 8.8, chini na juu vilevile. Ile tofauti ya kilo 150 ni chini ya sehemu 2 kwa 100. Yaani bawa halihitaji kuumba nguvu ya ajabu, linaharibu kidogo tu usawa wa presha uliokuwepo, na Caravan na watu wake na magunia yao inaondoka. Mimi hiyo namba njo ilinifanya niipende hii kazi, kusema kweli.

Haya, pembe. Wanaiita ensidansi, na ni pembe kati ya bawa, ule mstari wa kutoka mdomo wake wa mbele mpaka ncha yake ya nyuma, na upande ambao hewa inatokea. Soma tena hapo mwisho: upande ambao hewa inatokea. Si pembe na ardhi, si pembe ya pua na mstari wa mbingu, apana. Ndege inaweza kuwa na pua juu na ensidansi ndogo, kama inapanda kwa nguvu, na inaweza kuwa na pua karibu na usawa huku ensidansi ni kubwa ya hatari, kama inashuka kama jiwe, juu hewa inatokea chini. Mwenye hajaelewa hii, mi namwambia asifungue sura inayofuata, akae hapo hapo hata wiki nzima, achore mishale kwenye daftari mpaka ikae.

Fomula mutapewa siku ya kwanza: nusu, mara uzito wa hewa kwa mita kyubu, mara mwendo kwa mraba, mara eneo la bawa, mara ile namba wanayoita Cz, yaani uwezo wa bawa kubeba. Angalieni vitu viwili tu ndani yake. Mwendo uko kwa mraba, ukiongeza mwendo mara mbili portansi inakuwa mara nne. Na Cz njo nyumba ya ensidansi, ukiinua pembe kidogo Cz inapanda karibu kwa mstari ulionyooka, digrii kwa digrii. Kwa hiyo ndege inayoruka usawa na uzito uleule ikipunguza mwendo lazima iinue pembe, na ikikimbia lazima ishushe. Ikiwa katika safari ya kawaida pembe ni ndogo sana, digrii mbili tatu nne hivi. Ukiona ndege inakuja kutua inakuja polepole na pua imeinuka, piloti hafanyi mapozi, analipa kwa pembe kile alichokosa kwa mwendo.

Musiamini mimi, jijengeeni. Vitu havina bei: ventilateri ya nyumba, balansi ya elektroniki ya jikoni inayosoma gramu mojamoja, karatoni, mirija ya kunywea, uzi wa sufu na kole. Ventilateri inatoa hewa inayozunguka, kwa hiyo mirija mingi uifunge pamoja kama mzigo wa kuni uiweke mbele yake, hewa ipite ndani na itoke imenyooka, bila hiyo namba zitakudanganya. Kijiti kimoja kisimame juu ya balansi, chini yake kuwe na kitu kizito, juu yake bawa lako, na balansi yenyewe uizibe na boksi upepo usiiguse. Sasa sikiliza: bawa la kwanza lisiwe na umbo lolote, kipande cha karatoni kilichonyooka kabisa, juu sawa na chini. Liweke sambamba na upepo, namba haisogei. Inua mdomo wa mbele kidogo, gramu zinapungua. Kidogo tena, zinapungua tena. Hadithi ya njia ndefu imekufa mezani kwako na hujatumia hata fomula. Baadaye ukunje karatoni kidogo iwe na mgongo, utaona inabeba zaidi kwa pembe ileile, na hapo njo umbo linapata heshima yake: umbo linasaidia hewa ifuate mgongo bila kuachia, lakini mwenye kazi ni pembe.

Halafu gundisha vipande vifupi vya uzi mgongoni, mistari mitatu, mbele, katikati na nyuma. Kwa pembe ndogo nyuzi zote zinalala zikitazama nyuma, zimetulia. Endelea kuinua. Kuna zitakazoanza kutetemeka, zinainuka, halafu moja inageuka na kutazama mbele, kinyume na upepo. Hapo hewa imeachia mgongo. Ongeza tena na utaona ugonjwa unaenea mgongoni, namba ya balansi inaanza kucheza, na kuna pembe ambayo ukiipita gramu hazipungui tena, zinarudi. Hiyo njo dekroshaji. Kwa bawa la ndege ya kweli ni kama digrii 15, kwa kakaratoni kako itatokea mapema, juu bawa ni dogo na hewa ni ya polepole, usishangae. Ndugu Wright walijenga tuneli yao 1901 kwa namna hiyohiyo, boksi la mbao na feni, wakapima maumbo mengi ya bawa kwa balansi walizojitengenezea, kwa sababu meza za namba za wale waliowatangulia hazikuwaridhisha. Miaka miwili baadaye, tarehe 17 Desemba 1903, waliruka sekunde 12. Na Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeteleza angani sana kabla yao, ndege yake ilipoteza hewa ya bawa Agosti 1896, akaanguka kutoka kama mita 15, akafa kesho yake. Dekroshaji imeanza kuua kabla hata moteri haijawekwa kwenye ndege.

Hapa nakaa kidogo juu njo mahali egzame inakamata watu na kazi inakamata zaidi. Wengi wanaandika "dekroshaji ni mwendo kuwa mdogo". Apana. Dekroshaji ni pembe kuwa kubwa. Mwendo mdogo ni njia moja tu ya kukufikisha kwenye hiyo pembe. Ukikata kona umelala digrii 60, bawa linabeba uzito mara mbili, linahitaji pembe kubwa, na mwendo wako wa dekroshaji unapanda kwa kama asilimia 41, yaani ndege iliyokuwa salama kwa mafundo 70 (nodi, kipimo cha mwendo) ikiruka usawa inaweza kukuachia hapohapo kwenye kona na badini, ile saa ya mwendo, bado inasoma 70. Mfano mchungu ni ile ndege ya Air France ya Rio kwenda Paris, tarehe 1 Juni 2009. Vipimo vya mwendo viliziba kwa barafu kwa muda mfupi, otopiloti ikajitoa, na anayeendesha akavuta pua juu, akaendelea kuvuta. Ndege ilipanda mpaka karibu futi 38 000, halafu ikaanza kushuka. Pua ilikuwa bado juu ya mstari wa mbingu, moteri zinavuma, alarmu ya dekroshaji ikalia muda mrefu, na pembe ya bawa na hewa ilikuwa imepita digrii 35. Dakika tatu na nusu hivi mpaka baharini, watu 228. Moteri zilikuwa nzima, bawa lilikuwa nzima. Kilichotakiwa ni kusukuma pua chini pembe ipungue hewa ishike mgongo tena, na kusukuma pua chini wakati unaanguka mwili wote unakataa, njo maana wanafundisha mpaka mkono ufanye wenyewe.

Mambo ya vole, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa, na zile tundu za mbele ya bawa mutayasoma wenyewe, ni rahisi mukishaelewa ya juu, ni mbinu za kufanya hewa ishike mgongo kwa mwendo mdogo, pamoja na deni lake la kuongeza upinzani.

Kilichobaki ni hewa yetu sisi. Vitabu vimeandikwa kwa pwani, hewa kilo 1.225 kwa mita kyubu, digrii 15. Luano mwezi wa kumi saa nane mchana, joto limepita 30, mita kyubu ina kama kilo 1 tu. Goma inapita mita 1500, Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu, inapita 1700, huko mambo ni magumu zaidi, na Goma kuna wakati pisti yenyewe ilikuwa fupi, juu lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 iliimeza sehemu yake. Hewa nyepesi haibadilishi pembe ya dekroshaji, na badini yako itasoma mwendo uleule wa kuondoka, kwa sababu badini yenyewe inapima presha ya hewa hiyohiyo. Lakini matairi yanakimbia kweli kama asilimia 11 zaidi kuliko pwani, mwendo kwa mraba ni karibu robo zaidi, na bado hujahesabu moteri na heliksi, ile panga inayozunguka mbele, ambazo nazo zinafanya kazi na hewa hiyo nyepesi. Chukueni Caravan yenu ya kilo 3970 mupige hesabu ya Luano saa kumi na mbili asubuhi kwa digrii 15, halafu saa nane kwa 33. Mutapata tofauti ya kama asilimia 3 kwenye mwendo na 6 kwenye mraba wake, na mukiipeleka kwenye urefu wa pisti mutajua kwa nini piloti anawahimiza wapakiaji wamalize kabla jua halijapanda.